Barua kwa Binti wa Kaka Yangu Aliyepata 3.2

Mashewa, Korogwe
7 Septemba 2025

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako baba yako alinifikishia juzi baada ya magharibi, tumekaa barazani kwa babu. Huku hatujambo sote. Babu yako mguu umepoa, sasa anakwenda msikitini na kurudi bila kushikwa mkono. Kiangazi kimekolea, mto Lwengera umepungua mpaka mawe yanaonekana, na vumbi la barabara ya Magoma linaingia hadi kwenye kopo la sukari. Mimi niko likizo ya siku ishirini na nane na nilikuwa nimeazimia kulala.

Basi baba yako akatoa simu mfukoni, akanionyesha ile picha ya matokeo uliyomtumia. "Dada, hii 3.2 ni kati ya ngapi?" Nikamwambia kati ya 5. Akanyamaza, vidole vinahesabu juu ya goti. "Basi ni kama sitini na nne kwa mia. Si mbaya. Sasa mtoto analia nini?" Sikumjibu upesi, kwa sababu wewe na mimi tunajua kuwa GPA ya 3.2 pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, haisomwi hivyo. Ni daraja la pili la chini. Nadhani ni hayo maneno mawili ya mwisho, "la chini", yaliyokulaza bila kula.

Anasema hupokei simu. Anasema umemwandikia kwamba umewaaibisha, na kwamba unafikiria kuahirisha mwaka. Ndiyo maana nimechukua karatasi. Simu ungeipokea ukaitikia "sawa shangazi, sawa shangazi" mpaka salio langu likaisha, halafu ukarudi kujifunika shuka. Karatasi utaisoma leo ukiwa na hasira, na kesho utairudia.

Wewe umerithi jina la marehemu mama yangu, nami tangu ukiwa mchanga nakuita mama. Kwa hiyo nisikilize, mama. Nimekuwa afisa utumishi wa halmashauri kwa miaka ishirini na miwili. Vyeti vya watu vimepita mikononi mwangu kwa maelfu. Nimevihakiki, nimevipiga mihuri, nimevirudisha. Nimewaona wenye vyeti hivyo wakiingia kazini vijana na nikawaandalia mafao wakitoka. Jambo hili la alama na kazi nalijua kwa namna ambayo walimu wako pengine hawalijui, maana wao humwona mwanafunzi mpaka siku ya mahafali, mimi namwona kuanzia siku inayofuata.

Nianze na lisilopendeza. Utakutana na watu watakaokuambia GPA si kitu, maisha ni kujiongeza, fulani alipata 2.3 na leo ana magari. Mtu akikuambia hivyo, muulize baba yake ni nani. Mtoto wa mwenye nafasi akimaliza na 2.8, kuna simu itapigwa, kuna rafiki wa mzee atasema "mwambie aje Jumatatu". Sisi hapa Mashewa hatuna wa kumpigia. Baba yako anauza machungwa, mimi ni mtumishi niliyeapa na sitapiga simu hiyo hata kwa ajili yako, na unajua kwa nini. Mahali ambapo hakuna anayekujua, karatasi yako ndiyo inayokusemea. Kwa hiyo alama zina uzito kwako kuliko kwa yule mwenzako wa Masaki anayekuambia usijali. Yeye anakuonea huruma ya kweli, lakini anasema kutoka upande wa pili wa ukuta.

Hilo ni nusu. Nusu nyingine ni kwamba umeipa hiyo 3.2 nguvu isiyo nayo. Milango inayofunguliwa kwa GPA inahesabika, na kila mmoja una namba yake. Chukua kalamu, tuihesabu, maana wewe ni mtu wa Uchumi na Takwimu na inasikitisha kuona mwanatakwimu analia kabla ya kupiga hesabu.

Shahada yako ni ya miaka mitatu, krediti 120 kila mwaka, jumla 360. A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Umeshamaliza krediti 240 kwa wastani wa 3.2, maana yake una pointi 768 mkononi. Ili umalize na 3.5, mahali linapoanzia daraja la pili la juu, unahitaji jumla ya 1,260. Toa. Zinabaki 492. Gawanya kwa krediti 120 za mwaka wa tatu: 4.1. Tuchukulie una kozi kumi zenye uzito sawa. Hiyo ni B+ tisa na A moja. Si mteremko, lakini pia si muujiza. Umeshawahi kupata B+. Nimeziona kwenye picha, ziko nne. Na kumbuka wanakata desimali, hawakadirii kwenda juu. Mwenye 3.49 anaandikiwa 3.4, akitaka alie, akitaka acheke. Kwa hiyo usilenge 4.1 kamili, lenga A mbili, moja iwe ya akiba.

Sasa piga hesabu ya pili, hii itauma. Mwaka juzi siku ya Idi ulinisaidia kukuna nazi ukaniambia unataka kubaki chuoni, uwe mhadhiri, uvae miwani kama yule mama anayewafundisha ekonometriki. Kwenye vyuo vya umma, kuajiriwa mhadhiri msaidizi wa ngazi ya kuanzia kunataka 3.8 ya shahada ya kwanza. Mara 360 ni 1,368. Toa zako 768, zinabaki 600. Gawanya kwa 120: ni 5. Yaani A katika kila kozi, zote kumi, bila kuteleza hata moja. Nimeirudia hesabu hii mara tatu kwa penseli nikitumaini nimekosea. Mlango huo, mama, ni kama umefungwa. Lilie hilo. Ni hasara ya kweli na una haki nayo, na sitakuja na maneno ya kukufariji kwa haraka. Lakini lilie hilo peke yake. Usichanganye humo na mambo ambayo hayajapotea.

Maana mengine hayajapotea. Shahada ya uzamili katika vyuo vyetu hufunguka kwa 2.7; hapo umeshapita. Kazi za serikali zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira, nyingi zinataka shahada ya fani husika na basi, hazitaji GPA. Yapo matangazo yanayosema "daraja la pili la juu", na ufadhili mwingi wa masomo ya nje ni hivyohivyo. Hayo ndiyo yanayotaka zile B+ tisa na A moja. Na kuahirisha mwaka? Kunafaa kwa mgonjwa, kwa mzazi aliyejifungua, kwa aliyefiwa akashindwa kusimama. Alama zilizokwisha kuandikwa hakuzifuti. Utarudi Oktoba mwakani na pointi zilezile 768, wenzako wakiwa wameondoka, na kimbweta mlichokuwa mnakaa kimeshikwa na wengine.

Kuna jambo ambalo baba yako hawezi kulijua na wewe umelisahau. Hapa sekondari ya kata ulikuwa wa kwanza, wa pili hakukukaribia. Ulipokwenda Korogwe Girls mkawa watano sita mnaopokezana. Mlimani wamekusanywa waliokuwa wa kwanza kutoka Kyerwa, Newala, Makete na Pemba, wakaketishwa ukumbi mmoja, halafu wakapangwa tena kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Mtu aliyezoea kuwa mbele akijikuta katikati huona kama ameanguka, kumbe ameingia kwenye msafara mwingine. Mimi niliingia hapo mwaka 1999 na ilinichukua mwaka mzima kuacha kuona haya.

Na alama yenyewe hutegemea nyumba iliyoitoa. Harvard ya Marekani, chuo kinachotajwa duniani kote, mwaka 2013 mkuu wake wa masomo ya shahada ya kwanza, Jay Harris, aliulizwa kwenye kikao cha kitivo akakiri kwamba alama inayotolewa mara nyingi kuliko zote pale ni A. Hebu mfikirie mwajiri aliyeletewa bahasha mbili, moja ina A za kule, nyingine ina B+ za Mlimani ambako A huanzia 70 na mwalimu hutoa chache kwa mkono mzito. Atazilinganishaje? Hawezi. Wanaolijua hilo wameacha kujaribu. Mkuu wa rasilimali watu wa Google wa wakati huo, Laszlo Bock, alisema mwaka huohuo wa 2013 kwamba takwimu zao wenyewe zilionyesha GPA haitabiri kitu kwa waajiriwa wao, isipokuwa kidogo kwa waliotoka chuo jana. Ernst & Young ya Uingereza iliondoa sharti la daraja la pili la juu mwaka 2015, ikaweka mitihani yake.

Na sisi tumefika hukohuko kwa njia yetu, njia ya wingi. Mwaka 2014 Idara ya Uhamiaji ilikuwa na nafasi 70, wakaja vijana zaidi ya 10,000 mpaka usaili ukafanyiwa Uwanja wa Taifa. Mwaka huu, mwezi Machi, TRA waliita watu zaidi ya 100,000 kwa nafasi 1,596. Kwa umati huo hakuna anayekaa kusoma matokeo ya kozi zako. Wanakupa karatasi ya mchujo. Siku hiyo mwenye 4.5 na mwenye 3.2 wanakalia viti vilevile na kusahihishwa kwa namba, si kwa jina wala kwa chuo. Anayepita anakwenda mahojiano, na nikuambie ninayoyajua ya chumba kile. Katika karatasi za alama nilizowahi kujaza nikiwa mjumbe wa jopo, hamna safu ya GPA. Kuna safu ya uelewa wa kazi, ya kujieleza, ya jinsi mtu anavyofikiri akibanwa. Vyeti vimeshakaguliwa mlangoni kuona kama ni halali. Ndani hatuvitazami tena.

Usije ukadhani nawasema vibaya wenye alama kubwa. Mtumishi bora kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi alikuwa na daraja la kwanza, na bidii iliyompa alama hiyo ndiyo hiyo iliyomfanya awe wa mwisho kufunga ofisi. Nilipokuwa nasoma uzamili Mzumbe tulifundishwa uchunguzi wa mwaka 1996 uliokusanya tafiti nyingi za Marekani kuhusu alama za chuo na utendaji kazini. Uhusiano upo mwaka wa kwanza baada ya chuo. Kisha unafifia, na baada ya miaka sita hivi unakaribia kutoonekana. Niliposoma jedwali lile nilikata kauli moyoni: ndivyo. Ndivyo nilivyokuwa nikiona kwenye mafaili bila kuwa na namba za kulisema.

Sasa nikusimulie langu, maana hata baba yako analijua nusunusu.

Nilimaliza mwaka 2002 na 3.1. Chini yako. Kulikuwa na tangazo la taasisi moja ya fedha, limeandika wazi: daraja la pili la juu kwenda mbele. Nikajiambia nikionana nao uso kwa uso watanielewa. Nikavaa gauni la mahafali, nikapeleka bahasha mwenyewe. Dada wa mapokezi akaifungua, kidole chake kikashuka kwenye ukurasa kutafuta mstari mmoja tu, kikasimama. Akairudisha bila kuifunga. Hakuniambia neno baya. Nilikwenda mpaka Ubungo, enzi hizo stendi ya mikoani ikiwa pale, nikakaa juu ya begi mpaka asubuhi, nikapanda basi la kwanza.

Babu yako alikuwa bado anafanya kazi ya mkonge, kwenye brashi. Hakuniuliza kitu. Siku ya tatu akasema, "Twende kazini, unishikie." Unaijua brashi kwa kusikia tu, kwa hiyo nikueleze. Singa zikishatoka kwenye korona, ile mashine ya kuchakata majani, na kukauka kwenye nyaya, zinaletwa ndani, zinapigwa brashi mpaka zinang'aa, kisha zinapangwa kwa madaraja kabla ya kushindiliwa marobota. Mle ndani vumbi lake ni jeupe, linakaa kwenye nyusi. Babu yako alikuwa akishika konzi ya singa, anaipima kwa ubao uliotiwa alama, anaiinua kwenye mwanga wa dirisha, anaitupa kwenye chungu chake. Yote hayo ni muda wa kuvuta pumzi moja. Futi tatu kwenda juu, nyeupe, safi, bila doa: namba moja. Urefu huohuo lakini rangi imeingia dosari: 3L. Yenye madoa, yenye rangi ya chai: UG.

Nilimwuliza kwa nini ile UG ina madoa. Akasema, "Maji ya korona yalikuwa hafifu Jumanne." Basi. Jani lilikuwa lilelile, la shamba lilelile, limekatwa na mtu yuleyule. Lakini siku ya kuoshwa maji yalipungua, utomvu ukakaukia kwenye singa. Nikamwuliza hizi UG zinakwenda wapi. Akanitazama kama niliyeuliza jua linachwea wapi. "Zinakwenda Tanga, zinapanda meli." Marobota mengi yaliyokuwa yamepangwa pale ghalani yalikuwa ya 3L na UG. Namba moja ilikuwa rundo dogo kule pembeni.

Sitaki kuuvuta mfano huu kuliko unavyofika. Singa ikishaingia robota imekwisha, haiwezi kujiosha, mtu anaweza. Na bei ya UG ni ndogo kweli, babu yako asingekuficha hilo. Lakini nilitoka mle nikiwa nimeelewa kwamba alama hurekodi siku ya kuoshwa. Mwaka wako wa kwanza ulikuwa unaugua malaria mara kwa mara, ukalala kitanda kimoja na mwenzako, ukasubiri fedha za mkopo zilizochelewa huku ukila mlo mmoja. Maji yalikuwa hafifu, mwanangu. Hakuna safu ya kuandika hilo kwenye matokeo, na usitegemee mtu alisome humo.

Baada ya hapo nilikwenda kujitolea masijala ya halmashauri moja, si ya hapa. Masijala ni chumba cha mafaili, wasomi hawakitaki. Siku moja akaja mwalimu mzee na mfuko wa plastiki umejaa barua. Alikuwa hajapandishwa daraja miaka mingi, na kila ofisi ilimwambia faili lake halionekani. Nililitafuta siku mbili. Kumbe yalikuwa mafaili mawili, jina lake limeandikwa kwa herufi tofauti, nusu ya maisha yake humu na nusu kule. Nikasoma folio moja moja, nikaandika dokezo sabili la nusu ukurasa: huyu ni mtu mmoja, ushahidi ni folio hii na hii, anastahili hivi tangu tarehe hii, kinachoombwa ni uamuzi huu. Mkurugenzi alilisoma amesimama, akasaini, akauliza nani ameliandika.

Tangu siku hiyo nikawa naitwa kuandika madokezo. Nafasi zilipotangazwa niliomba kama wengine na nikafanyiwa usaili kama wengine. Ile 3.1 ilikuwa mezani, waliiona. Wakaniuliza kuhusu mafaili.

Naona kama nakusikia: "Shangazi, hiyo ilikuwa 2002." Ni kweli, na ni haki kuliuliza. Hata Mwalimu Nyerere, tukitaka kumtaja, alirudi kutoka Edinburgh mwaka 1952 na M.A. ya kawaida, si ile ya heshima. Alichagua kusoma mambo mengi, historia, uchumi, falsafa, sheria ya katiba, kuliko kubobea katika moja. Akaenda kufundisha Pugu, na kilichofuata unakijua. Lakini wakati ule waliokuwa na shahada yoyote nchini walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Leo mko maelfu kila mwaka. Siwezi kukuambia tembea kwa nyayo zake wala zangu. Njia imejaa watu. Ninachokuambia ni kwamba kitu kilichoniokoa bado ni adimu vilevile. Naletewa vijana wa shahada kila mwaka, wa vyuo vyenye majina, na ni wachache mno wanaoweza kuchukua jambo lililovurugika, wakaliandika kwa nusu ukurasa hadi mwenye kuamua akaamua.

Wewe unao ufundi ambao mimi sikuwa nao. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na takwimu zake Ofisi ya Taifa ya Takwimu imeziweka wazi mpaka ngazi ya kata. Ukienda fildi usikubali kufanywa mtu wa kutoa fotokopi na kuleta chai. Omba swali. Ukikosa wa kukupa, nakupa mimi: hapa bonde la Lwengera, watoto wangapi wanamaliza darasa la saba, na wangapi kati yao wanafika kidato cha nne, na wasichana wanapotelea mwaka gani? Lichambue kwa programu zenu hizo, kisha liandike kurasa tatu za Kiswahili ambazo diwani wetu anaweza kuzisoma akazielewa, na tatu za Kiingereza. Siku ukiulizwa kwenye usaili umefanya nini, unaweka mezani. Nimekaa kwenye majopo miaka yote hii na ninaweza kuhesabu waliowahi kuweka kitu mezani.

Kuhusu masomo yenyewe, wewe ndiye unayeyajua. Ila nimetazama picha ile vizuri. Mitihani ya mwisho umeifanya kama wenzako. Koswaki ndiyo inayovuja. Hiyo ni arobaini kwa mia ya kila kozi, na huvuja kwa kazi zilizopelekwa siku moja baada ya tarehe, na kwa majaribio uliyokaa nayo ukitegemea desa la mwaka jana. Rafiki zako wa kimbweta nawapenda, lakini anayekuletea desa kila wiki hakusaidii.

Na hili lingine naliandika huku mkono wangu ukiwa mzito, lakini mama yako angetaka niliandike. Msichana mwenye 3.2 anayetaka 3.5 huonekana kwa mbali na watu wabaya. Anaweza kuja mtu mwenye uwezo juu ya alama zako akakuambia zinarekebishika, njoo tuzungumze jioni, mahali fulani. Ilishanifika mimi. Sikwenda, na kozi ile nilipata C. Ni moja ya sababu za ile 3.1, na sijawahi kumwambia baba yako. Wakati wetu hatukuwa na pa kulipeleka. Wewe unapo: kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinaitaja rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai, na TAKUKURU namba yao ni 113, haina gharama. Usifute ujumbe wowote. Nipigie mimi kwanza, hata saa nane za usiku. Nitapanda gari asubuhi nije. Nisikilize vizuri: ukimaliza na 2.9 kwa sababu hiyo, nitakuja mahafali yako nimevaa kanga mpya na nitapiga vigelegele mpaka walinzi wanitazame.

Hujatuaibisha. Jana babu yako aliniomba nimwelezee hiyo 3.2. Nilimweleza yote, na hesabu ya 4.1. Akauliza swali moja, kama chakula unapata. Kwa hiyo jibu lake ulilete wewe mwenyewe, usinipe mimi.

Nimempa kondakta wa basi la Korogwe kiroba chenye unga, maharage, na chupa ya asali iliyofungwa ndani ya kanga. Kitafika stendi ya Magufuli Jumanne jioni. Nenda na mwenzako, usiende peke yako, na usipande bodaboda na mzigo ule usiku. Asali usiigawe yote siku ya kwanza. Ukishakula, washa simu, umpigie baba yako kabla hujanipigia mimi.

Shangazi yako akupendaye